Ganpati Aliyekataa Kuzama

Wai,
12 Juni 1997

Mwanangu Ketaki,

Marahaba. Naitikia ile shikamoo uliyoniletea mwezi wa tatu, maana tangu hapo hujaleta nyingine. Sisi huku wazima. Mvua imeanza juzi, paa la jikoni linavuja palepale linapovuja kila mwaka, na achari nimetia mitungi minne. Presha ya Baba Shalaka imeshuka. Yeye anasema ni dawa, mimi nasema ni kwa sababu redio imeharibika na hasikilizi tena kriketi.

Sasa sikia. Shalaka ameposwa. Kijana wa Pune, fundi wa pampu za maji, mrefu, mpole, hana maneno. Binti yangu ana maneno ya watu wawili, kwa hiyo yatawatosha. Harusi ni tarehe saba Desemba. Kadi atachapa baba yako, maana ndugu yangu Raghu angesusa chakula mwaka mzima kama kadi ya mpwa wake ingechapwa kwa mtu mwingine. Lakini yule mungu wake wa kichwa cha tembo, Ganpati wa juu ya kadi, nimemchoka. Ni yuleyule tangu sabini na nne, sikio limelika, anafanana na yule panya anayempanda. Nataka unichongee mpya wa kuchapia kwa mkono wako, ukubwa wa kiganja, nimpe Raghu nimwambie nimemnunua sokoni.

Najua nyie wawili hamjasemezana mwezi wa kumi na nne huu. Mimi simo. Mimi naomba Ganpati tu.

Habari nyingine ni ndogo. Yule mnunuzi wa vyuma chakavu wa Satara kaja tena kuiangalia mashine ya mkono ya kuchapia ya marehemu babu yako, ile iliyolala chini ya magunia nyuma ya kiwanda cha chapa. Kaigonga gonga kwa nyundo kama mtu anayechagua nazi. Baba yako kamwambia atampa jibu baada ya harusi. Nakwambia kama habari, usianze kuwaza.

Shangazi yako,
Vatsala


Baroda,
3 Julai 1997

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Naigusa miguu yako yote miwili kutoka huku, na ule wenye gauti naugusa polepole. Mimi mzima, nakula, nalala. Manjulaben mwenye nyumba bado anatia sukari kwenye dali yake ya dengu na bado ananiuliza kwa nini sinenepi. Mwambie Shalaka nimefurahi mpaka nimechoma mkate. Yule fundi wa pampu mwambie pole.

Ganpati huyu hapa, nimemfunga kwa vitambaa. Nimemchonga kwa wiki mbili, kila siku baada ya kazi ya studio. Mti wenyewe ni mgumu na mzuri sana, umetoka kwenye ubao wa kichwani wa kitanda kibovu cha Manjulaben. Tafadhali usimwambie mtu kwamba mungu wenu katoka kitandani.

Habari zangu za kazi ni njema kuliko ninavyostahili. Picha yangu ya wanawake wanaopepeta mchele imechaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya Bhopal. Halafu kuna mama mmoja Mparsi mwenye ukumbi wa picha Bombay, alikuja hapa chuoni, akazunguka na mwavuli wake, akasimama mbele ya ukuta wangu muda mrefu. Ananipa ukumbi mzima mwezi Januari. Picha kumi na mbili, zangu peke yangu, jina langu mlangoni. Ninazo tano, zimebaki saba. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe, nakwambia ukweli.

Baba ukimwambia atacheka. Unakumbuka alivyoniambia siku naondoka? Nilimweleza kwamba sisi tunachapa nakala ishirini, kisha tunalikwaruza bao lenyewe la kuchapia kwa patasi ili aliyenunua ajue hakuna ya ishirini na moja. Ndiyo desturi ya kazi yetu. Akasema, "Mimi nachapa mia sita kabla ya chakula cha mchana na bao naliweka kabatini. Anayeharibu bao zima si mchapaji, huyo ni mgonjwa." Nikamjibu vibaya, naye akanijibu vibaya zaidi, basi.

Huyo mnunuzi wa Satara nauliza tu, sina maana yoyote: baba alisema "nitakujibu" au alisema "njoo uichukue"?

Mwanao,
Ketaki


Wai,
19 Julai 1997

Ketaki,

Sisi wazima, lakini nyumba haina amani, na aliyeiondoa ni wewe.

Kifurushi chako kilifika Jumanne, siku ya Ganpati mwenyewe. Nilikuwa nimetoka kuoga, unga mwekundu mkononi. Nikafungua vitambaa, nikaona sura, nikaona masikio, mkono ukaenda wenyewe kama unavyokwenda kila siku: nikampaka paji la uso, nikampa ua, nikamwambia karibu kwetu. Ndipo nikavaa miwani. Mkonga umeelekea kulia kwake.

Labda huko kwa Wagujarati umesahau. Ganpati wa mkonga wa kushoto ni mtu wa nyumbani, unampa kipande cha sukari guru, ukichelewa anakuvumilia. Wa kulia hana mchezo. Ukishamkaribisha umemkaribisha. Anataka maji mapya, nguo safi, chakula kwa saa yake, kitunguu na kitunguu saumu visiingie jikoni, na uongo usisemwe ndani ya nyumba. Nyumba yenye harusi, Ketaki, isisemwe uongo! Mama mkwe wa Shalaka alikuja Ijumaa akaniuliza nauonaje mkufu wake. Ilibidi nijifanye nimepaliwa.

Baba Shalaka hajaonja kitunguu siku kumi na moja. Jana nimemkuta kwa jirani, nyuma ya tangi la maji, anakula bajia amesimama. Mtu mzima, hakimu mstaafu.

Na kadi je? Mtu wa kulia nimwekeje juu ya kadi mia sita zinazokwenda kutupwa kwenye madroo ya watu? Na huyu ambaye nampaka sandali kila asubuhi, nimpake wino mweusi usoni? Yuko kwenye madhabahu yangu, kati ya mungu Lakshmi na picha ya mama yako, na hapo atakaa. Sijui ulikuwa unafikiria nini.

Mashine iko palepale. Raghu alisema "nitakujibu".

Vatsala


Baroda,
1 Agosti 1997

Shangazi,

Shikamoo, na samahani, na tafadhali mpe Baba Shalaka bajia kwa niaba yangu. Barua yako nimeisomea studio nzima. Mwalimu wangu amecheka mpaka akakaa chini.

Sasa chukua kile kioo chako cha mkono, nenda nacho madhabahuni, kiweke mbele ya bao, utazame ndani yake. Mkonga uko wapi? Kushoto. Bao linachongwa kinyume ili chapa itoke sawa. Wewe ni mtoto wa mchapaji, Shangazi. Umekulia katikati ya herufi zilizogeuka, ulikuwa ukizipanga na baba mkiwa wadogo. Ningekuchongea wa kushoto, kadi zingetoka na wa kulia, na hapo ndipo familia mbili zingekosa kitunguu.

Nimecheka wiki nzima, na sasa nitakwambia lisilochekesha, maana barua iliyopita nilikuficha. Niliandika "kazi ni njema", nikaishia hapo. Ufadhili wangu unakwisha Diwali, mwisho wa Oktoba. Siku hiyo narudisha ufunguo wa studio, na mashine za studio ni za wanafunzi, si zangu. Nina picha saba za kuchapa na sina pa kuzichapia. Mashine ya kununua siiwezi hata nikiuza figo. Nikikosa mashine nitamwandikia yule mama wa Bombay kwamba sitaweza, na ukumbi atapewa mwingine, na mtu hapewi ukumbi mara mbili. Kuna kiwanda cha sari Ahmedabad kinataka mchoraji wa pindo. Kazi ya heshima. Nitachora maembe madogo madogo kwenye pindo mpaka nizeeke.

Ndiyo maana niliuliza kuhusu mnunuzi wa Satara. Lakini usimwambie baba, Shangazi, nakuomba. Nikimwomba mashine ya babu atasema "nilikwambia", na atakuwa na haki ya kusema, na mimi sitaweza kusikia neno hilo kutoka kwake. Afadhali maembe.

Ketaki


Baroda,
9 Septemba 1997

Shangazi, shikamoo.

Mwezi na siku nane hujanijibu. Chaturthi, sikukuu ya Ganpati, imepita, sijapata hata modaki moja ya nazi na sukari guru kwa posta, na mwaka jana zilifika zimevunjika lakini zilifika. Una hasira? Unaumwa? Kioo ulichukua?

Mimi mzima. Ninazo picha sita sasa. Nachapa mchana kutwa kabla ufunguo haujaondoka.

Ketaki


Wai,
22 Septemba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi na sina hasira. Agosti ilinipita kwenye maandalizi ya harusi, kisha nikakatazwa kuandika mpaka kitu fulani kikauke, na sasa kimekauka. Kaa chini usome.

Kioo nilichukua. Nikaona kushoto. Nikaondoa kioo, nikaona kulia. Nikafanya hivyo mara nne, nikajiambia: ninayempaka sandali ni mti, si kioo. Basi nikaendelea na masharti.

Siku ya Chaturthi Raghu alikuja kula kama kila mwaka. Akala modaki kumi na nne, akanawa, akaenda madhabahuni kuinamisha kichwa, akakawia huko. Nikadhani anasali, nikafurahi. Nachungulia, namkuta amevaa miwani, amemtoa Ganpati katikati ya maua, anampapasa mkonga kwa kidole gumba.

"Dada," akasema, "huyu ni wa kushoto."

"Wewe una wazimu. Tazama vizuri."

"Ukimchapa ni wa kushoto. Nani kachonga?"

Nikaanza kupanga maua upya, maana uongo hauruhusiwi.

"Dada, nakuuliza. Huu mstari umeanzia paji la uso mpaka ncha ya mkonga, kisu hakikuinuliwa hata mara moja. Nani?"

"Fundi mmoja wa Baroda."

Akaurudia ule mstari kwa kidole. Unajua marehemu mama yako alivyokuwa akichora mapambo ya unga mlangoni kila asubuhi, kidole kikishashuka hakinyanyuki mpaka ua limekwisha. Raghu akasema, "Huyo fundi wa Baroda ana mkono wa mke wangu." Akamrudisha mahali pake, akaenda kukaa barazani na kutazama mvua.

Nikamwita Guruji wa hekaluni aamue. Raghu anasema kinachohesabiwa ni chapa. Guruji anasema kilichokaribishwa ni mti, na mti umeelekea kulia. Wamebishana nusu saa, Guruji kala modaki saba katika mabishano. Mwisho akaamua mgeni huyu aagwe kwa kuzamishwa mtoni pamoja na Ganpati wetu wa udongo wa sikukuu, siku ya pili, kwa heshima zote, na masharti yaishe. Nikakubali mara moja, maana Baba Shalaka alikuwa akinitazama kwa macho ya mwenye njaa.

Basi kesho yake jioni tumeshuka ngazi za mtoni, mji mzima uko pale, ngoma, unga mwekundu, mto Krishna umejaa mpaka ngazi ya nane. Wa udongo nikamzamisha, akaenda vizuri. Nikamzamisha na wako. Akaibuka. Nikamsukuma tena. Akaibuka, kalala chali, ananitazama. Nani kati yetu alifikiri kwamba mti unaelea? Si mimi, si Guruji, si hakimu. Akashika maji akaanza kwenda zake, na watu wanaimba wakimwomba arudi mwakani.

Raghu alikuwa amesimama nyuma yangu na viatu vyangu mkononi. Nikamsikia anasema polepole, kama mtu anayeongea na nafsi yake, "Hata nakala moja haijatoka." Halafu viatu vyangu vikaanguka, na ndugu yangu wa miaka sitini na mbili akaingia mtoni na shati, saa na miwani. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika. Maji yakafika kiunoni, yakafika kifuani, akateleza, akasimama, akamkamata kwenye ngazi za pili, kule maji yanakoelekea, akamnyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Watu wakapiga makofi. Walidhani ana nadhiri.

Guruji akamwambia aliyeagwa hafuatwi. Raghu, maji yanamtiririka puani, akamjibu, "Tumemuaga, ameondoka. Hili lililobaki ni bao, na ni la mwanangu." Guruji akafikiri, akasema inawezekana.

Tukatembea mpaka kona ya soko. Kisha akasema, "Kumbe huko Baroda wanafanya haya haya. Wanakitengeneza, kinafanya kazi yake, wanakiaga. Nami nikamwita mtoto mgonjwa." Nimekuandikia kama alivyosema, sikuongeza neno.

Bao kalifunga kwa magazeti, kaliwekea mawe juu lisipinde, siku kumi na mbili, kila asubuhi anabadilisha magazeti kama anavyobadilishwa mtoto nepi. Kadi niliyotia humu kaichapa mwenyewe. Itazame. Na vitunguu vimerudi, nyumba inanuka vizuri.

Jambo la mwisho, na hili nimeapishwa nisilipanue. Jumatano lilikuja lori na watu sita. Mashine ya babu yako imepakiwa, imepelekwa Kolhapur, kwenye karakana ya kuyeyushia chuma. Siri yako ninayo. Usiniulize zaidi.

Vatsala


Baroda,
4 Oktoba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Kadi nimeipokea. Nimeisoma barua yako mara tatu, nimecheka kwenye modaki na nimelia kwenye mto. Mwambie baba chapa ni safi kabisa. Wino haukuzidi hata kwenye nywele za mkia wa panya, na hapo mimi mwenyewe ningeharibu. Mwambie hivyo hivyo.

Kuhusu Kolhapur, basi. Ni chuma chake. Amelitoa bao mtoni, mimi nikitaka na mashine nitakuwa mlafi. Sikumwomba, kwa hiyo hakuninyima, ndivyo ninavyojiambia.

Nimeandika barua mbili. Moja ya Bombay, nakataa ukumbi. Moja ya Ahmedabad, nakubali pindo. Sijazipeleka posta, nasubiri nipate stempu. Kusema kweli stempu ninazo.

Mkono haukubali kukaa. Ubao wa kitanda ulibaki kipande kikubwa, nakichonga jioni, sikwambii nachonga nini. Hakuna pa kukichapia, lakini nachonga.

Ketaki


Wai,
10 Oktoba 1997

Ketaki,

Naandika nimesimama, mtu wa posta yuko mlangoni anakunywa chai yangu.

Hizo barua mbili usizipeleke. Kwa nini, siwezi kusema, nimeapa. Nilimwapia ndugu yangu, na nikaapa mbele ya picha ya mama yako, siwezi kuvunja.

Nauliza tu: nyumba ya Manjulaben ina chumba cha chini? Sakafu yake ni ya mawe au ya mbao? Mlango una upana gani? Huyo mama ni mtu wa kupiga kelele au mtu wa kuzungumza naye? Jibu kwa simu ya duka la dawa, namba unayo, usingoje posta.

Sisi wazima.

Vatsala


Baroda,
21 Oktoba 1997

Shangazi mwongo, shangazi wangu wa dhahabu,

Shikamoo mara kumi. Barua hii ni ndefu, mpe Baba Shalaka bajia zake kwanza ndipo usome.

Nilipiga simu duka la dawa nikajibu maswali yako yote kama mjinga. Mawe. Futi nne na nusu. Mtu wa kuzungumza naye. Usiku ule sikuelewa kitu, au labda nilielewa nikaogopa kuelewa. Jumamosi saa tatu asubuhi nasikia honi. Nafungua dirisha: lori la namba za Maharashtra limeziba kichochoro kizima, ng'ombe wamekwama mbele, na kwenye kiti cha mbele, kando ya dereva, amekaa baba. Amevaa koti la harusi. Amepakata kwenye mapaja ule mkono mrefu wa chuma wa mashine, kwa sababu hakuamini kuuweka nyuma na vyuma vingine. Kaupakata tangu Kolhapur, Shangazi, safari nzima.

Miezi kumi na minane hatujasemezana. Nikashuka ngazi peku. Nikainama miguuni pake. Akaniwekea mkono kichwani, akauacha hapo, kisha akasema, "Sakafu ni ya mawe?"

"Ya mawe, baba."

"Una hakika? Shangazi yako husikia anachotaka."

Watu wanane wameingiza vipande kimoja kimoja mpaka saa nane. Manjulaben alisimama mlangoni anamwomba kila mungu amlindie nyumba. Baba akamsalimia kwa Kigujarati chake cha kuokota kwenye treni, akamsifia dali. Yule mama akamletea bakuli la pili. Alipogeuka baba akaninong'oneza, "Hii dali au uji wa mgonjwa?" Lakini akamaliza.

Nikamuuliza kuhusu Kolhapur. Akanionyesha boriti ya juu ya mashine. Ilikuwa na ufa tangu mwaka sitini na moja, babu alikuwa akiifunga kwa mnyororo. Wameyeyusha, wamemimina mpya. "Chuma chenye ufa hakipelekwi kwa mtoto," akasema, akaendelea kukaza nati.

Nikamuuliza nani yuko kiwandani. Akasema kiwanda kina kufuli, watu wa Wai wangoje kidogo kuoana.

Halafu akaona zile barua mbili mezani, zimebandikwa stempu. Akasoma anwani, moja, na ya pili. Nikataka kueleza. Akasema, "Najua. Shangazi yako alisoma kwamba stempu unazo." Ndipo likatoka lote: kwamba tangu ile siku ya mtoni kila Alhamisi huja kwako kula, na kila Alhamisi ulimsomea barua zangu, za zamani na mpya, kuanzia shikamoo mpaka jina. Zote. Lile la "usimwambie baba" ulilisoma mara mbili, anasema, kwa sababu alikuomba urudie. Na unasema siri yangu unayo. Sijui nikukasirikie vipi, nimejaribu tangu Jumamosi.

Mguu mmoja wa mashine ulikuwa ukicheza. Baba akazikunja zile barua, Bombay juu ya Ahmedabad, akazisokomeza chini ya mguu, akaitikisa mashine kwa bega. Ikatulia.

Jumapili tulisafisha na kutia mafuta. Jana asubuhi akasema, "Haya, lete bao." Nikaona haya, kwa sababu bao nililokuwa nalo ni lile moja, ambalo sikukwambia. Nimechonga mto umejaa, na mtu mzima yuko ndani ya maji mpaka kifuani, kanyanyua kitu juu ya kichwa kwa mikono miwili. Nikaliweka mbele yake. Aliligeuza kwenye mwanga, akalisoma kinyume, kama mwingine anavyosoma gazeti. Nikaona ametambua.

"Tumbo langu si kubwa hivi," akasema.

"Ni maji, baba. Yanakuza."

"Na miwani sikupoteza. Umenichonga bila miwani."

Akavua koti. Akapiga wino mwenyewe, mara tatu, nyembamba, akiusikiliza unavyolia chini ya rola mpaka ulipolia anavyotaka. Nikalaza karatasi yenye unyevu. Akashika ule mkono wa chuma akauvuta kwa mwili mzima, na mashine ya babu ikatoa mlio ambao sijausikia tangu nina miaka sita. Nikainua pembe ya karatasi, yeye akainua nyingine. Ilitoka, Shangazi. Kila wimbi lilitoka.

Katika kazi yetu, atakayevuta mashine kwa ajili ya picha ya mwenzake hupewa nakala yake, nje ya zile ishirini, na huandikwa chini kwa penseli kwamba ni nakala ya mchapaji. Nikamweleza. Nikamwekea ile ya kwanza mezani na kumpa penseli, nikamwonyesha pale kushoto, chini ya maji, mkabala na jina langu. Akaichukua. Akaniuliza aandike kubwa kiasi gani.

Miaka arobaini amepanga majina ya watu, la bwana harusi, la bibi harusi, la baba mkwe, anajua ukubwa wa kila jina kwenye kila karatasi. La kwake hakujua lipewe nafasi gani. Alishika penseli mpaka nikadhani amekataa. Kisha akaandika taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza: Raghunath Deodhar, mchapaji. Akalitazama. Akaweka nukta.

Mimi nikakaa juu ya sanduku la zana nikalia kwa sauti, Manjulaben akaja mbio akidhani nimekatika kidole. Baba hakugeuka. Alikuwa amekwisha kuchukua rola.

"Zimebaki ishirini," akasema. "Karatasi zinakauka, wewe umekaa unalia."

Mwanao anayekupenda, mikono imejaa wino,
Ketaki